Sauti ya Nne Haijaandikwa

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mutie amekuja baada ya ibada, mfukoni ana kifaa cheusi kinachoenea kiganjani. Kaka yangu huyu ni dereva wa watalii, na zawadi anazoachiwa na wageni huwa ni kofia na miwani ya jua. Safari hii kaachiwa mashine.

"Hii ni diari ya kompyuta," akaniambia. "Unabonyeza herufi, inashika. Sasa mimi nitaandika nini, majina ya ndovu? Chukua wewe, si wewe ndiye karani?"

Karani ni neno kubwa. Napiga taipu barua za kampuni ya mizigo kule Industrial Area, na nikipiga taipu nyimbo hunijia. Hunijia hasa mikono ikiwa na kazi ya mtu mwingine. Nimeziandika nyuma ya bahasha, nimeziandika kiganjani, na kufikia saa ya kurudi nyumbani jasho limezifuta. Mwaka huu nimepoteza tatu, na moja ilikuwa nzuri kweli. Sasa solfa, zile noti za kwaya, si ni herufi tu? d, r, m, f, s, l, t, basi. Na kifaa hiki kazi yake ni kushika herufi. Daftari hili la karatasi litabaki la umbea wangu, lile la umeme litakuwa la nyimbo.

Kwa kujaribu nimeandika mluzi wa Mwalimu: s m r s. Nimebonyeza MEMO, umeingia.

Jumanne, 14 Oktoba

Niueleze huo mluzi, maana nikizeeka nitausahau. Mwalimu Zedekiah Ondiek amefundisha kwaya yetu tangu mimi nikiwa msichana wa Sande Skuli. Alikuwa mtu wa ishara za reli miaka thelathini, na nyumba yake na hii aliyoniachia baba zina ukuta mmoja katikati. Siku za mazoezi hupita mtaa wetu wote wa Makongeni akiita waimbaji kwa mluzi, kila mtu na mluzi wake. Wangu ni so-mi-re-so: mmoja mrefu, miwili ya haraka, wa mwisho mrefu tena. Nikiusikia naacha sufuria jikoni naenda. Jina langu Kavutha hajalitumia mara tano maisha yake yote.

Jumapili, 19 Oktoba

Tarehe 21 Desemba kanisa letu litatimiza miaka hamsini. Mwalimu amesimama leo mbele ya kwaya akatangaza kwamba ana wimbo mpya wa siku hiyo, sauti nne, mistari minane. Lusweti, mwenyekiti wetu anayeimba besi, akauliza tutaanza lini.

"Ukiiva," akajibiwa.

Hiyo ndiyo kawaida yake. Hakuna anayesikia wimbo mpaka uishe kichwani mwake. Halafu hufundisha kila sauti siku yake, mlango umefungwa, na sisi wa sauti ya pili hatujui wa kwanza wanaimba nini mpaka Jumamosi ya kuunganisha. Kalamu hairuhusiwi chumbani. Anasema mwaka wa themanini na tatu mtu aliandika wimbo wake, na baada ya miezi miwili ukatoka kwenye kaseti kwa jina la watu wengine. Tangu hapo nyimbo zake hulala kichwani. Mimi naona ni ubahili, lakini ni nani atamwambia.

Sauti yake leo ilikuwa na mikwaruzo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua imeanza. Redioni wanaiita El Nino, kama mgeni aliyealikwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Ukumbi una maji hadi kifundo cha mguu. Hakuna mazoezi.

Jumatano, 29 Oktoba

Leo saa kumi na mbili asubuhi, nikichemsha chai, nimemsikia Mwalimu kupitia ukutani. Anatunga. Haweki maneno, anaimba "no no no" tu, mstari mmoja mara mbili, anakohoa, ananyamaza, anaenda mwingine. Nimesimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Ni wimbo mzuri kiasi cha kunikasirisha. Kwa nini mimi sijautunga?

Jumapili, 2 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mama Roseline, mke wa Mwalimu, amenikuta barazani nikichambua maharage. Akavuta kiti, akachambua na mimi kimya hadi nusu ya sinia. Halafu akasema, macho kwenye maharage, "Nyathina, mwanangu, usimwambie nimekwambia."

Ule mkwaruzo si mafua. Ni uvimbe kwenye koromeo. Walikwenda hospitali mara tatu mwezi uliopita, sisi tukidhani wanakwenda kwa mtoto wao anayekaa mtaa wa Fedha. Amepangiwa tarehe 25 mwezi huu. Watakata.

"Atapona?" nikauliza.

"Wanasema atapona. Lakini sauti hawawezi kuirudisha. Wanaitoa pamoja na ule uvimbe." Akaokota jiwe kwenye maharage akalitupa nje mvuani. "Kuongea kwisha. Kuimba kwisha. Hata mluzi, daktari anasema, kwa sababu pumzi itakuwa inapitia shingoni."

Nikamwuliza kuhusu wimbo. Akasema humo ndimo usingizi wa mzee ulimopotelea. Mwalimu anautunga mbio amalize kabla ya tarehe, lakini atamfundisha nani na ukumbi umejaa maji? Yeye mkewe amembembeleza amwite mtu auandike. Mzee alimfokea kwa hiyo sauti mbovu hadi akatema damu.

"Mimi sijui mambo yenu ya muziki," Mama Roseline akasema. "Lakini miaka arobaini nimelala kando ya huyo mtu. Wimbo huu ukibaki ndani yake, atakaa kitini na kuutazama mpaka afe."

Aliondoka na mimi nikabaki na sinia. Nimelia, nakiri. Halafu nimekasirika. Mzee gani huyu anayeona heri wimbo ufe kuliko mtu aushike?

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefanya hivi. Saa kumi na mbili kasoro, kiti ukutani, kifaa magotini. Nilizima kwanza ile sauti yake, maana kila kitufe hulia "pi". Akaimba mstari. Nikaandika. Kwa kalamu nisingewahi, mimi huandika polepole nikiogopa kukosea, lakini vidole vyangu ni vya taipu, vinakwenda vyenyewe. Kabla hajakohoa nilikuwa nimeshabonyeza, umeingia, niko tayari kwa mwingine.

Mistari miwili leo. Ni wizi. Nimeuita kwa jina lake ili nisijidanganye.

Jumatano, 5 Novemba

Mstari mmoja. Mvua ilipiga mabati, wa pili sikuusikia vizuri, nikauacha.

Alhamisi, 6 Novemba

Aliurudia ule. Kana kwamba ameniona nikiukosa. Nimeupata, na mwingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Sauti ya kwanza imekamilika, mistari minane. Ameanza ya pili, ambayo ni yangu. Kusikia mtu akikutungia sauti yako nyuma ya ukuta bila kujua uko hapo! Ile ya juu inapopanda yangu inashuka kuipisha. Anajua kabisa pumzi zangu zinaishia wapi. Nimeona haya, lakini sikuacha kubonyeza.

Sisomi nilichoandika. Naingiza, nazima, naficha kabatini chini ya shuka.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekutana naye kanisani. "Unakonda," akaniambia kwa mnong'ono. Ndiyo sauti aliyobaki nayo mchana, asubuhi huimaliza yote kwenye wimbo.

Jumatano, 12 Novemba

Sauti ya tatu, mistari mitano imeingia. Kioo cha kifaa kimefifia, herufi sizioni vizuri.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimetoka kazini mapema nikaenda Eastleigh kwa Abdinoor, fundi wa saa. Barabara yote ni tope, kiatu kimoja kimenasa humo mara mbili. Akafungua mgongo wa kifaa.

"Dada, sikiliza. Hizi mbili kubwa ni za kazi. Hii ndogo ni ya kumbukumbu. Ukitoa zote pamoja, kwisha, mashine inasahau mpaka jina lako. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia, na tafadhali mkono usimtetemeke. Akacheka. Akabadilisha kubwa, ndogo akaiacha. Mistari yangu imo. Jioni sauti ya tatu imefika saba kwa sababu Mwalimu aliimba hata saa kumi na mbili ya jioni. Anakimbizana na tarehe.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya.

Asubuhi nilikaa ukutani kama kawaida. Aliimba mstari wa nane wa sauti ya tatu, nikaushika. Jana usiku mvua ilikuwa kubwa, leo ilikuwa imetulia, hakuna hata tone kwenye mabati. Na mimi sikugundua kitu mpaka nilipokuwa nimebonyeza mstari mzima: kifaa kilikuwa kinalia. Pi, pi, pi. Betri zilipobadilishwa sauti ilirudi, na jana jioni mvua ilinificha.

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu nikasikia mlango wake.

Alisimama kizingitini kwangu, koti juu ya nguo za kulalia. "Ni nini hicho kinalia kwako?"

"Saa, Mwalimu."

"Saa haifuati wimbo wangu."

Akanyoosha mkono nimpe. Sikumpa. Nilikiweka kifaa mgongoni, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na tatu.

"Mimi na Mbithi baba yako tumegawana ukuta huu miaka ishirini," akasema, na kila neno lilimkwangua akitoa. "Hakuniibia hata kibiriti."

Hapo nikashikwa na hasira. Nikamwambia, "Tarehe ishirini na tano sauti inakwenda, Mwalimu. Wimbo utauweka wapi?"

Akageuka akatazama mlango wa nyumba yake. Alijua mara moja nimeambiwa na nani, na mimi nikajua nimemchoma Mama Roseline pia, kwa mkupuo mmoja.

"Utaondoka na sauti," akasema. "Ni wangu."

Alirudi kwake. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Ningependa angeufunga kwa kishindo.

Jumamosi, 15 Novemba

Ukuta kimya.

Jumatatu, 17 Novemba

Kimya. Besi bado. Aliiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayomuumiza, na sasa haiimbi kwa sababu yangu. Nina sauti tatu za wimbo wa sauti nne.

Ijumaa, 21 Novemba

Amepita estate akiwaita watu kwa sala ya kumwombea. Nimesikia mluzi wa Lusweti, nimesikia wa Khavere wa sauti ya kwanza, nimesikia wa mapacha wa nyumba ya kona. Alipofika mlangoni kwangu alipita bila kupiga kitu. Nilikuwa nimeshazima jiko.

Jumanne, 25 Novemba

Wamemkata leo. Ametoka salama, Mama Roseline ametuma neno. Mvua kutwa.

Jumapili, 30 Novemba

Lusweti amekutana nasi baada ya ibada, amesimama juu ya benchi kwa sababu ya maji.

"Wapendwa, mimi nasikitika kama nyinyi. Lakini tarehe haingoji. Kama kufikia Jumapili ya kumi na nne hatuna wimbo wa Mwalimu, tunachukua mmoja wa zamani kwenye kitabu. Mtu ana wazo lingine?"

Nilinyoosha mkono nusu, nikaurudisha. Ningesema nini? Kwamba ninao, nimeuiba?

Nimerudi nyumbani nikatoa kifaa chini ya shuka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitaka kunakili sauti tatu kwenye karatasi, ili angalau hizo ziwepo. Nikabonyeza mstari wa kwanza, nikauimba. Sio. Wimbo hauanzi hivyo, nakumbuka unavyoanza. Wa pili ulianza na d, wa tatu ulianza na d, wa nne na d. Kisha f. Kisha l, nne mfululizo. Kisha m zote. Mistari ya sauti ya kwanza imekaa katikati ya sauti ya tatu. Mwisho kabisa, baada ya kila kitu, kuna s s l, halafu t.

Mistari yote ishirini na minne imo. Hakuna iliyopotea. Imechanganywa tu kama mchele na choroko. Sikuandika sauti wala namba, niliona nachelewa.

Nimekaa sakafuni. Nimemuudhi mzee, nimemnyamazishia besi yake, na nilichopata ni hiki.

Jumatatu, 1 Desemba

Abdinoor amekitazama dakika moja tu. "Mashine haijaharibika, dada. Hii inapanga kama kitabu cha simu. Ali mbele, Zuhura nyuma. Haijui uliandika lini, inajua herufi ya kwanza tu."

"Basi irudishe nilivyoandika."

"Hiyo haikumbuki. Wewe ndiye unakumbuka."

Nakumbuka kidogo. Sauti yangu naweza kuipanga karibu yote. Za wengine nabahatisha, na Mwalimu hakutunga kitu cha kubahatisha.

Jumamosi, 6 Desemba

Amerudi nyumbani. Nimesikia kiti chake kikivutwa upande wa pili, na hatua za Mama Roseline. Zaidi ya hayo hakuna sauti humo ndani. Nimeweka kiganja ukutani, sijui kwa nini.

Kesho nakwenda. Akinifukuza, anifukuze.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika kwa mkono unaouma, lakini niandike yote.

Mwalimu alikuwa kitini, skafu shingoni, daftari la shule na penseli mapajani. Amepungua. Nilipiga magoti, nikasema maneno niliyoyapanga tangu Eastleigh: nimekuibia, nimekuja kukurudishia, na hata hicho nilichoiba nimekivuruga. Nikamweleza juu ya mashine inayopanga kama kitabu cha simu. Nikamwambia niko radhi kufuta kila kitu mbele yake akisema hivyo. Nikangoja jibu, kisha nikakumbuka kwamba hawezi kusema.

Akachukua kifaa. Akatazama kioo muda mrefu. Nilimwonyesha kitufe cha kusogeza, akasogeza mara mbili tatu, uso haukubadilika.

"Huu hapa unaanza d d m s," nikasema. "Ni mstari wa ngapi, Mwalimu? Nionyeshe kwa kidole tu."

Akanirudishia kifaa. Akaandika kwenye daftari, herufi kubwa: IMBA.

"Lakini upo hapo kwenye kioo, ukiusoma tu—"

Akapiga penseli juu ya neno lile hadi ncha ikavunjika. IMBA.

Nikauimba. Alifumba macho. Alipofumbua, akainua kidole kimoja, kisha vitatu: sauti ya kwanza, mstari wa tatu. Nikaandika pembeni. Nikaimba unaofuata, akainua vitatu na kimoja. Tulikwenda hivyo. Mmoja nilikuwa nimekosea noti, akakunja uso kama kaumwa jino, nikajaribu nyingine mpaka uso ukakunjuka. Kwenye mstari wa tisa nilikuwa nimezoea, nikamsogezea kioo aone mwenyewe wapi nimekosea. Hakukitazama. Alitazama mdomo wangu. Hapo nikaelewa, na badala ya kunyamaza, mimi na mdomo wangu, nikauliza.

"Mwalimu, husomi solfa?"

Mama Roseline alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

Nilidhani nimemaliza kila kitu. Nilishika kanga yangu tayari kuinuka. Lakini akaomba wembe kwa ishara, akachonga penseli taratibu, akaandika kwa muda mrefu, mvua ikipiga, sisi wawili tukimtazama. Nimeomba nibaki na ukurasa ule. Nauingiza hapa ulivyo:

*Nilikuwa mfagizi kwa misheni. Kwaya ilikuwa ya wanafunzi. Mimi nilisimama nje kwa dirisha nikisikiza. Wakinifukuza nikarudi. Herufi zilikuwa ndani kwa ubao, upande sikuweza kuona. Nikaja Nairobi wakaniita Mwalimu. Ningesema nini.*

Akageuza ukurasa.

*Kaseti ni kweli. Lakini hata bila kaseti.*

Na chini yake:

*Roseline hajui.*

Mama Roseline aliusoma juu ya bega lake. "Najua tangu mwaka wa sabini na moja," akasema, akaendelea kupepeta.

Miaka yote hiyo nilimwita bahili. Mlango uliofungwa, kalamu zilizopigwa marufuku, kila sauti siku yake. Wimbo wa sauti nne, nyimbo zaidi ya sitini, zote kichwani mwa mtu mmoja kwa sababu ya ubao uliogeuzwa upande. Nikasema, "Mwalimu, hata mimi nilikuwa nje, ukutani."

Akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa, nikamwita Mama Roseline. Alikuwa anacheka. Hakuna sauti iliyotoka, skafu tu ilikuwa ikipanda na kushuka.

Tumemaliza yote ishirini na minne saa moja ya jioni. Nimeyaingiza upya, na safari hii kila mstari una namba mbele, ya sauti kisha ya mstari: 11, 12, 13, mpaka 38. Namba mashine inaziheshimu.

Inabaki besi. Hiyo hakuwahi kuiimba. Haipo ukutani, haipo kwenye kifaa, ipo ndani yake tu na mlango umeshonwa.

Jumatatu, 8 Desemba

Tumejaribu kwa kuandika "juu" na "chini" kwenye daftari. Upuuzi mtupu. Amerusha daftari.

Jumanne, 9 Desemba

Hakuna kilichosogea. Mimi nauliza, yeye anatikisa kichwa. Zimebaki siku tano kabla ya Lusweti kufungua kitabu.

Jumatano, 10 Desemba

Tumepata njia, na ni yeye aliyeipata. Nilikuwa naimba sauti ya tatu ili imsaidie kukumbuka. Ghafla akainuka, akasimama katikati ya chumba mgongo umenyooka, akatoa mkono wa kulia ubavuni, mlalo, umekakamaa. Akaushusha. Akaupandisha kidogo. Akaulaza tena.

"Ishara za reli," Mama Roseline akasema kutoka jikoni, bila hata kutokeza kichwa. "Alikuwa anafanya hivyo usingizini."

Mkono mlalo ni do. Kutoka hapo kila hatua ni kiasi chake, na hakosei hata upana wa kidole, miaka thelathini mikono yake ilizuia treni. Nilibonyeza nilichoona, nikaimba juu kwa sauti yangu ya kike, akatikisa kichwa au akakubali. Mstari mmoja saa nzima. Jasho lilimtoka. Mama Roseline alitaka tuache, Mwalimu akamwonyesha mkono wa chini kabisa: kaa.

41 imeingia.

Alhamisi, 11 Desemba

42, 43, 44. Nimechelewa kazini, nimeambiwa nijieleze kwa barua. Nitajieleza.

Ijumaa, 12 Desemba

45, 46, 47. Mkono umemchoka, lakini bado nausoma.

Jumamosi, 13 Desemba

48. Sauti tatu zote zinapanda kwa pamoja, na nilingoja mkono upande. Haukupanda. Ulikaa mlalo, noti moja, mpaka mwisho wa wimbo. Nikadhani amechoka. Nikauliza, akanipiga jicho lile la zamani la mazoezi. Nikaimba tatu zile akilini juu ya noti moja isiyosogea, na nywele zikanisimama.

Nimepiga taipu yote, karatasi sita za solfa, mstari kwa mstari, maneno akayaandika mwenyewe. Nilipomwonyesha, alipitisha kidole juu ya herufi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimempa Lusweti karatasi. Akazisoma, akaimba besi kidogo kwa sauti ya chini, akavua kofia. "Nani ameandika hii?"

"Mwalimu," nikasema.

Mazoezi kila siku, sauti zote chumba kimoja, mlango wazi. Hakuna muda wa kufunga.

Jumapili, 21 Desemba

Tumeimba. Mstari wa sita mvua ikashuka juu ya mabati hivi kwamba sikumsikia hata Khavere kando yangu. Nilijua tunapotea. Mwalimu akainuka kwenye benchi la mbele, skafu shingoni, akatoa mkono. Kwaya nzima ikamtazama mkono. Tulifika wote pamoja, na alipoulaza kwa mstari wa nane, Lusweti na wenzake walikaa hapo hapo kwenye noti yao mpaka tukamaliza.

Sikumbuki makofi.

Jumamosi, 27 Desemba

Kwenye daftari lake: *Nifundishe hizo herufi.* Tumeanza na d. Ni mwanafunzi mkaidi, anataka kuruka hatua. Leo nimemwachia kifaa alale nacho, nimemwonyesha vitufe vyote, hata cha kuzima mlio.

Jumanne, 30 Desemba

Hajakirudisha. Sijauliza.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Bado inanyesha. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeweka chai jikoni, nyumba iko kimya, ukuta uko kimya kama ulivyokuwa tangu Novemba. Nilikuwa nimeanza kuuzoea.

Halafu kupitia ukutani: pi. Kimya. Pi, pi, haraka. Kimya. Pi.

Nilisimama na kijiko. Nikajiambia ni mzee anachezea vitufe. Ikarudi, polepole zaidi, na safari hii alivibonyeza kwa nguvu. Mmoja mrefu, miwili ya haraka, wa mwisho mrefu.

Nikaacha sufuria jikoni nikaenda.